Pikapu ya injini ndogo yenye turbo au ya injini kubwa? Mwongozo kamili kabla hujalipa

Ukiingia yadi ya magari kuulizia pikapu, utaanza kuambiwa ukubwa wa injini kabla hujaambiwa kitu kingine. Hii ni 3.0, mashine ya kazi. Ile ni 1.9, ya kuendea ofisini. Maneno hayo yalikuwa na ukweli enzi za Hilux ya dizeli ya lita 2.4 isiyo na turbo, ile iliyopanda mlima ikiwa na mzigo kwa gia ya pili huku foleni ikijipanga nyuma yake. Siku hizi yanapoteza watu fedha.

Tazama namba. Hilux ya zamani yenye injini ya 5L-E, cc 2,986 bila turbo, ina nguvu ya kusokota ya takribani Nm 200. Isuzu D-Max ya 1.9, cc 1,898, ina Nm 350. Injini iliyopungua zaidi ya lita nzima inavuta karibu mara mbili. Kwa hiyo anayesema 1.9 haina nguvu hajawahi kuipandisha mlima, au anauza 3.0.

Hata hivyo simshauri kila mtu akimbilie injini ndogo. Injini ndogo yenye turbo inakopa nguvu kutoka kwenye hewa iliyoshindiliwa, na riba ya mkopo huo hulipwa kwa oili safi, dizeli safi, chujio safi la hewa na fundi mwenye mashine ya kupimia. Ukiweza kulipa riba hiyo kila mwezi, chukua ndogo kwa amani. Usipoweza, nunua kubwa iliyo rahisi, hata kama inakunywa zaidi. Mwongozo huu wote ni namna ya kujua wewe uko upande gani.

Hatua ya 1: Andika kazi ya gari kwenye karatasi

Usiende yadi na picha ya gari kichwani. Nenda na karatasi yenye majibu haya: mzigo wa kawaida ni kilo ngapi, na ule mzito kabisa ni kilo ngapi, gari litatembea kilomita ngapi kwa mwezi, njia ni ya lami, ya vumbi au ya tope, kuna mlima gani njiani, utavuta tela au hutavuta, na gereji unayoiamini iko umbali gani kutoka gari linapofanyia kazi.

Kwenye mzigo sema ukweli. Pikapu nyingi za kisasa zimetengenezwa kubeba tani moja au karibu na hapo, lakini sote tunaziona zimepandishwa lumbesa za viazi mpaka springi zimelala. Ukijua kwamba gari lako litazidishwa mzigo kila wiki, andika hivyo, maana jibu linabadilika.

Hatua ya 2: Jua makundi matatu

Watu huzungumza kana kwamba kuna makundi mawili. Sokoni kwetu yapo matatu, na kosa kubwa la wanunuzi ni kuyachanganya mawili ya kwanza.

Kundi la kwanza ni injini kubwa isiyo na turbo. Mfalme wake ni 1HZ ya Land Cruiser, zile mkonga za mashirika ya misaada, hospitali na kambi za utalii: cc 4,164, silinda sita kwa mstari, imekuwepo tangu 1990. Nguvu yake ni kama farasi 130 na Nm 285 tu. Pampu yake ya mafuta haiongozwi na kompyuta.

Kundi la pili ni injini kubwa yenye turbo: Isuzu 3.0 ya 4JJ1 na 4JJ3, Toyota 3.0 ya 1KD na 2.8 ya 1GD, Ford Ranger ya 3.2 yenye silinda tano, na Land Cruiser ya V8 ya 4.5.

Kundi la tatu ndilo dogo lenye turbo: D-Max 1.9, Hilux 2.4 ya 2GD, Ranger 2.0 yenye turbo mbili.

Mtu akikwambia "injini kubwa haisumbui", muulize anazungumzia kundi la kwanza au la pili. Isuzu 3.0 mpya ina turbo, ina nozeli za umeme na ina kompyuta, sawasawa na 1.9. Sifa ya kutosumbua waliyoijenga akina 1HZ na 5L haihami kwenda kwa 3.0 ya leo kwa sababu tu cc zinafanana.

Hatua ya 3: Pima injini inabanwa kiasi gani

Hii ndiyo hesabu ninayotaka uondoke nayo hata ukisahau mengine yote. Chukua Nm za injini, gawanya kwa lita zake. Jibu linakuonyesha kila lita inabebeshwa kazi kiasi gani.

1HZ: 285 gawanya kwa 4.16, ni 68. V8 ya 4.5 yenye Nm 430: karibu 96. Toyota 3.0 ya 1KD yenye Nm 343: 115. Isuzu 3.0 ya 4JJ1 yenye Nm 380: 127. Ranger 3.2 yenye Nm 470: 147. Isuzu 3.0 mpya ya 4JJ3 yenye Nm 450: 150. Hilux 2.4 ya otomatiki yenye Nm 400: 167. D-Max 1.9: 184. Ranger 2.0 ya turbo mbili yenye Nm 500: 250.

Sasa weka hapo Hilux 2.8 ya otomatiki, iliyoongezewa nguvu 2020 mpaka Nm 500. Jibu ni 181. Yaani 2.8 ambayo dalali anaiita injini kubwa inabanwa sawa na 1.9 anayoidharau. Ukilitazama jambo hili kwa namna hii, ubishi wa lita unaisha wenyewe.

Mpaka wangu mimi ni huu: chini ya 100, injini inavumilia mengi, hata dereva asiyejali. Kati ya 100 na 170, inataka matunzo ya kawaida lakini ya kweli. Juu ya 170, inataka nidhamu. Haina maana kwamba injini ya 184 ni mbovu. Imetengenezwa kwa chuma na teknolojia ya kubeba hali hiyo. Maana yake ni kwamba ukichelewesha oili au ukiendesha na rejeta iliyoziba nusu, itakuadhibu mapema kuliko ile ya 68.

Hatua ya 4: Angalia mlima, kupanda na kushuka

Hewa hupungua uzito unavyopanda juu. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, kama Njombe, hewa ina karibu asilimia 82 ya uzito iliokuwa nao pwani. Injini isiyo na turbo inavuta hewa hiyo ilivyo, hivyo nguvu yake inapungua karibu kwa kiwango hichohicho: farasi 130 za Dar es Salaam au Mombasa zinabaki kama 106 Njombe. Nairobi, mita 1,800 hivi, hali inakaribiana na hiyo. Timboroa, juu ya mita 2,700, nguvu inashuka zaidi. Dereva akikanyaga sana, pampu ya mafuta isiyo na kifaa cha kurekebisha mwinuko inamwaga dizeli ileile kwenye hewa pungufu, na moshi mweusi unajaa barabara.

Turbo inashindilia hewa hiyo nyembamba na kurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Kwa anayeishi Mbeya, Makete, Njombe, Kericho au Eldoret na kupakia mzigo, hii peke yake inatosha kuondoa injini isiyo na turbo kwenye orodha, labda kama gari linakwenda polepole kwa kazi zake.

Jambo la pili kuhusu kupanda ni mizunguko. 1HZ inafika Nm 285 ikizunguka kama mara 2,200 kwa dakika. Hapo inatoa kilowati 66 hivi. Hilux 2.4 ya otomatiki inatoa Nm 400 kuanzia mizunguko 1,600. Hapo imeshatoa kilowati 67. Ndogo inafanya kazi ileile bila kupiga kelele. Lakini chini ya mizunguko 1,500 turbo bado haijashika, na injini ndogo inakuwa ndogo kweli. Kuondoka na mzigo mlimani, kutoka kwenye tope, kutambaa juu ya mawe, hapo ndipo lita zinapohesabika. Kama unachagua 1.9 au 2.4 kwa kazi za porini, chukua otomatiki au hakikisha ina gia ya chini ya 4x4, vinginevyo klachi itakuwa ndiyo inayolipa.

Kisha kushuka, jambo ambalo watu hawalizungumzii yadi. Ukitoka Ilula kushuka Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni, au Lushoto kushuka Mombo, unaitegemea injini ikushike. Injini yenye ujazo mkubwa hushika zaidi kwenye gia ileile. Ndogo inakuachia, na mguu unahamia kwenye breki mpaka zinanuka. Turbo haisaidii kitu hapa. Mwenye injini ndogo ateremke kwa gia moja chini ya ile ambayo mwenye kubwa angetumia, na aishike kabla mteremko haujaanza. Kama njia yako ya kila siku ni ya milima yenye kona na unabeba tani nzima, hii ni sababu nzito ya kupanda kutoka 1.9 hadi 3.0, nzito kuliko nguvu ya kupandia.

Hatua ya 5: Chunguza dizeli, oili na fundi wa unakoishi

Hapa ndipo uamuzi hufanyika, na hapa ndipo ningependa utumie muda mrefu zaidi.

Injini za komoni reli (bomba moja la shinikizo linalolisha nozeli zote), ziwe ndogo au kubwa, hupuliza dizeli kwa shinikizo kubwa mno. Kwenye Toyota za GD linapita bar 2,000. Nozeli za namna hiyo zina matundu membamba sana, na pampu inalainishwa na dizeli yenyewe. Maji kidogo, vumbi la dumu, au mafuta ya taa yaliyochanganywa, vinaikwangua pampu kwa ndani na chembe za chuma zinasafiri hadi kwenye nozeli zote nne. Pampu ya 1HZ nayo huumia, lakini huchukua muda mrefu zaidi, na mafundi wa kuitengeneza wapo karibu kila mkoa.

Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015, na hilo limesaidia sana. Lakini salfa ni jambo moja na usafi wa tangi la kituo ni jambo jingine. Jiulize: gari langu litajazwa kituo kikubwa cha barabarani, au kwenye madumu kijijini? Kama ni madumu, na huna namna nyingine, basi 1HZ au 5L bado ni chaguo la mtu mwenye akili, haijalishi mwaka.

Oili ni hivyohivyo. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili feki au iliyochakaa ikikatika kwa sekunde chache tu, mhimili unagusa chuma. Kwenye vumbi na mizigo, badilisha oili na filta kila kilomita 5,000, hata kama kitabu kinaruhusu 10,000. Tumia daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, nunua kwa wakala unayemjua, na toboa au kata chupa tupu ili isijazwe tena na wajanja.

Fundi: mtembelee kabla ya kununua gari. Muulize kama ana mashine ya kusoma kompyuta ya gari hilo, na kama anaweza kusoma marekebisho ya kila nozeli, siyo kufuta taa ya injini tu. Muulize nozeli za modeli hiyo anazipima wapi. Akianza kuzungumzia kufungua, kusafisha kwa petroli na kurudisha, huyo ni fundi mzuri wa kundi la kwanza. Kundi la tatu usimpelekee.

Chujio la masizi, lile linaloitwa DPF, linahitaji aya yake. Hilux iliyouzwa Japani kuanzia 2017 ni ya 2.4, na ina chujio hilo pamoja na tangi la AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi. Zinaingia kwetu kama mitumba safi na zinapendeza. Chujio la masizi hujisafisha kwa joto la mwendo mrefu. Gari linalozunguka mjini kwenye foleni halifiki joto hilo, linaziba. Australia suala hili lilifika mahakamani kuhusu Toyota zaidi ya 260,000 za injini za 2.4 na 2.8, na 2022 mahakama ya shirikisho iliamua kwa faida ya wanunuzi. Kabla ya kuagiza, ulizia kwa maandishi kama gari lina DPF na AdBlue, kisha ulizia AdBlue inapatikana wapi karibu nawe. Zilizotoka kiwandani kwa soko la Afrika nyingi hazina mfumo huo, na kwa mtu wa mkoani hiyo ni faida ya kweli.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya mwaka mzima

Chukua kilomita ulizoandika hatua ya kwanza. Tuseme ni 25,000 kwa mwaka, na injini ndogo inakupunguzia lita mbili kwa kila kilomita 100. Hiyo ni akiba ya lita 500 za dizeli. Zidisha kwa bei ya leo. Toa gharama ya mabadiliko ya ziada ya oili. Kisha uliza bei ya turbo moja na seti ya nozeli nne za modeli hiyo, mpya na za mtumba, na ugawanye kwa miaka unayotarajia kukaa na gari. Kinachobaki ndiyo faida yako halisi. Anayetembea kilomita 8,000 kwa mwaka mara nyingi atakuta hakuna faida yoyote. Anayetembea 50,000 kwenye lami atakuta ndogo inajilipia.

Usisahau kodi. Kwa Tanzania ingiza modeli, mwaka na aina ya kebini kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kulipa Japani, kwa sababu singo kebini na dabo kebini zinaweza kutofautiana. Kenya hairuhusu kuingiza mtumba uliozidi miaka 8, kwa hiyo Hilux Vigo za zamani za 3.0 utazipata za ndani tu.

Hatua ya 7: Kagua gari lenyewe

Fika bila kutoa taarifa, injini ikiwa ya baridi. Gusa, ikiwa ya moto, wameiwasha kabla yako, rudi kesho.

Iwashe. Moshi mweupe unaokataa kwisha ni nozeli au maji yanaingia. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikizunguka: mvuke kidogo ni kawaida, moshi unaosukuma kwa nguvu ni pistoni zimechoka.

Zima. Legeza bomba la hewa linaloingia kwenye turbo, ushike ncha ya mhimili. Kucheza kidogo sana pembeni kunakubalika. Kuingia na kutoka hakukubaliki, na mapanga yakiwa na alama za kugusa ukuta, turbo imekwisha. Tazama ndani ya bomba la intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo: unyevu mwembamba wa oili ni wa kawaida, oili iliyotuama siyo.

Kwa Hilux Vigo ya 1KD kuna la ziada. Vipete vya shaba chini ya nozeli huvuja, gesi inaingia kwenye oili, masizi yanaziba chujio la kuvutia oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini inanoki bila dalili ndefu. Usinunue kabla fundi hajashusha sampu kuangalia chujio hilo. Kwa Ranger 2.0, uliza kama toleo hilo linatumia mkanda wa taimingi unaozungukia ndani ya oili. Kama ndivyo, historia ya oili ni muhimu kuliko rangi ya gari, na bila karatasi za sevisi achana nalo. Kwa 1HZ iliyofungwa turbo mtaani, tahadhari: kichwa chake hakikutengenezwa kwa joto hilo, na kinaweza kupasuka.

Mwisho lipandishe gari mlima. Omba kupakia mifuko kumi ya saruji, hiyo ni nusu tani, tafuta mwinuko mrefu na uangalie mshale wa joto. Muuzaji akikataa, ameshakujibu.

Hatua ya 8: Amua

Kwa mzigo wa nusu tani hadi robo tatu, lami nyingi, mjini na mikoani, gereji nzuri karibu: 1.9 au 2.4. Sioni sababu ya kulipia zaidi.

Kwa tani kamili kila siku, milima, au tela: Isuzu 3.0 au Toyota 2.8. Kati ya hizo mbili, kwa kazi ngumu mimi nachukua 3.0, kwa sababu ya hesabu ile ya hatua ya tatu: 150 dhidi ya 181.

Kwa porini, migodini, dizeli ya dumu na fundi wa mbali: 1HZ, na uvumilie mwendo wake.

Ranger 2.0 ya turbo mbili ni gari tamu sana barabarani. Ningelichukua likiwa jipya, lenye dhamana, na wakala yuko mjini kwangu. La mtumba lisilo na karatasi, hapana.

Baada ya kununua

Weka kitenganishi cha maji cha ziada kwenye njia ya dizeli na ukimwage kila wiki. Kung'uta chujio la hewa kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na libadilishe mapema. Likichanika, vumbi linasaga mapanga ya turbo. Asubuhi usipige resi mpaka oili izunguke. Ukimaliza kupanda Kitonga ukasimama Ilula kula, acha injini izunguke taratibu dakika moja au mbili ndipo uzime, ili oili iliyo ndani ya turbo isiungue na kuganda kwenye mhimili. Na umfundishe hayo dereva wako mbele ya gari, kwa mkono, siku ya kwanza anapokabidhiwa ufunguo.